Fame ya 2009: wachezaji wapo, wanafunzi hawapo

Kila ukizuka ubishi juu ya filamu za zamani zilizotengenezwa upya, Fame ya 2009, iliyotengenezwa upya kutoka ile ya 1980, haikosi kutajwa, na lawama zake ni zilezile: muziki umepoa, vijana hawana mvuto, mwongozaji alikuwa mdogo mno. Mimi ni mhariri wa filamu. Mkate wangu unatoka kwenye video za muziki na tamthilia zenye dansi, kwa hiyo filamu hizi mbili nimezitazama kama fundi anayetafuta kiungo kilicholegea. Naona lawama zimemwangukia asiyehusika. Vijana wa 2009 wanacheza vizuri, pengine kuliko wale wa 1980. Na hapo ndipo penye tatizo: wanacheza vizuri tangu dakika ya kwanza.

Tuanze na ile ya kwanza. Iliongozwa na Alan Parker, Mwingereza, kwa mswada wa Christopher Gore. Inafuata kundi la vijana wa High School of Performing Arts, shule ya serikali ya sanaa za maonyesho iliyokuwa Mtaa wa 46 Magharibi jijini New York, tangu siku ya usaili hadi mahafali ya mwaka wa nne. Jina lake la awali lilikuwa Hot Lunch, likabadilishwa ilipogundulika kwamba kuna filamu ya ngono inayoitwa hivyohivyo. Bodi ya elimu ya jiji nayo iligoma kuwaruhusu kupiga picha ndani ya shule. Parker alikuwa ametoka kutengeneza Midnight Express, filamu ya gerezani isiyomwonea mtu haya, na wakubwa wakahofia kwamba zamu ya shule yao imefika. Ikabidi atumie jengo la shule nyingine, Haaren High School, na kwa picha za nje akatumia kanisa lililotazamana na shule yenyewe. Kwa maoni yangu walimfanyia hisani bila kujua. Zile korido zilizochakaa zinafanya kazi ambayo mbunifu wa mandhari angelipwa pesa nyingi kuifanya.

Usaili ndio unaobeba filamu nzima. Msichana anayeitwa Shirley amekuja kuomba nafasi ya dansi, na amemleta Leroy ili apate mtu wa kucheza naye, basi. Leroy hajaomba chochote. Muziki unapigwa, Shirley anajitahidi hatua zake alizozifanyia mazoezi, na taratibu macho ya walimu yanamhama. Kamera haitangazi jambo hilo. Inakuonyesha nyuso za walimu, inarudi kwa Leroy, na wewe mwenyewe unagundua kwamba hata wewe umeacha kumtazama Shirley. Anachukuliwa Leroy. Shirley anaondoka akiporomosha matusi. Gene Anthony Ray, aliyemcheza Leroy, alikuwa amewahi kusoma shule hiyohiyo ya kweli na akatoka bila kumaliza, na unaliona hilo mwilini mwake: ana kipaji cha kutisha na hana adabu ya darasani hata chembe. Anaingia akiwa na kitu, lakini kilichobaki kujifunza ni kingi zaidi. Hapo mwandishi ana miaka minne ya kujaza.

Kuna jambo la kiufundi ambalo watu wengi hulipita. Katika filamu za muziki za mtindo wa zamani, mhusika huanza kuimba barabarani na okestra ikatokea hewani isikojulikana. Parker hakutaka hivyo. Kwake kila sauti ina chanzo. Kwenye chumba cha chakula mmoja anagonga meza, mwingine anadaka kwa ngoma, piano inaingia, mwanafunzi aitwaye Coco anaimba, na kelele inapanda mpaka inamshinda Doris, binti mwenye haya, anayekimbilia nje. Tukio lile ni sherehe na ni kitisho kwa pamoja, kutegemea unamtazama nani.

Halafu kuna ile ya teksi. Baba yake Bruno, mwanafunzi wa muziki, ni dereva wa teksi, anafunga spika juu ya gari na kupiga kanda ya mwanawe mbele ya shule bila ruhusa yake. Wanafunzi wanamwagika nje, wanapanda juu ya magari, foleni inakwama. Siku walipopiga picha zile, wimbo wa Fame ulikuwa haujatungwa. Vijana walikuwa wanacheza Hot Stuff ya Donna Summer. Michael Gore na Dean Pitchford walitunga wimbo wao baadaye, ukawekwa juu ya miguu iliyokwisha kucheza wimbo mwingine. Aliyewahi kuhariri video ya muziki anajua hatari yake: kasi ya mapigo ikipishana kidogo tu, miguu inawahi au inachelewa, na hata mtazamaji asiyejua muziki ataona kitu hakikai sawa. Kilichowaokoa ni hadithi yenyewe. Kwa kuwa ni kanda inayopigwa kwenye spika, hakuna mdomo wa mtu mtaani unaotakiwa kulingana na maneno. Mhariri Gerry Hambling alikuwa huru kukata anavyotaka. Wimbo huo ukaja kupata Oscar, na muziki wa filamu ukapata nyingine. Mwaka huo filamu ilikuwa na nyimbo mbili zilizopendekezwa, na Irene Cara, aliyemcheza Coco, akaziimba zote mbili usiku wa tuzo.

Sasa tuje 2009. Mwongozaji ni Kevin Tancharoen, kijana wa miaka ya ishirini na kitu aliyetokea kwenye dansi na maonyesho makubwa ya jukwaani, aliyefanya kazi na Britney Spears. Soko lilikuwa limebadilika. High School Musical ya Disney ilitoka 2006, na Glee ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kwenye televisheni. Fame ya 1980 ilikuwa na alama ya R: aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Hii mpya ikatengenezwa iwe PG, alama inayoruhusu hata watoto, mtoto aende na wenzake Jumamosi mchana. Sishangai. Pesa zilikuwa huko.

Wakaenda kuchukua watu waliokwisha iva. Kherington Payne alitoka So You Think You Can Dance, shindano la dansi la televisheni. Naturi Naughton alikuwa ameimba kwenye kundi la 3LW na kucheza kama Lil' Kim, mwanamke wa rap, kwenye filamu ya Notorious. Ni wazuri. Lakini ukimwingiza mtu wa aina hiyo kwenye usaili wa kujiunga na shule, ni kama kumpeleka dereva wa basi la mkoani akaanze chuo cha udereva. Atafaulu, tutampigia makofi, halafu tutakaa miaka minne tukisubiri nini?

Nisiwanyime haki yao. Naughton anacheza Denise, mpiga piano wa muziki wa kiklasiki anayebanwa na baba mkali, na anapokaa peke yake kwenye piano kuimba Out Here on My Own, filamu inapata pumzi. Haitegemei madoido: kuna binti, kinanda na siri anayowaficha wazazi. Kwa dakika chache hizo kuna mwanafunzi. Wimbo wa Fame wenyewe, kwa upande mwingine, wameusukumia kwenye majina ya mwisho, watu wakiwa wameshaanza kutafuta funguo za gari.

Mahali filamu mpya ilipojikwaa vibaya ni kwenye gharama wanayolipa wanafunzi kwa ndoto zao. Katika ile ya 1980 kuna Michael, nyota wa shule, anayeshinda udhamini na kwenda Hollywood. Baadaye tunamkuta mgahawani akiwahudumia wenzake kama mhudumu. Hakuna hotuba. Na kuna Coco, anayejiamini kuliko wote, anayealikwa na mtu anayejiita mwongozaji kwenda kujaribiwa mbele ya kamera, na akiwa mle ndani anaambiwa avue blauzi. Anavua, huku analia. Ni tukio gumu kutazama, na linastahili kuwa gumu. Filamu mpya ina kivuli chake: Jenny anaalikwa na mwigizaji aliyewahi kusoma shule hiyo, huyohuyo anajaribu kumsogelea, Jenny anaondoka, tunaendelea na safari. Kwa PG huwezi kufika mbali zaidi ya hapo, nakubali. Ila ungeweza kuacha jeraha lidumu hata kwa tukio moja linalofuata.

Ulinganisho ninaoupenda zaidi ni wa wacheza dansi wawili wanaoambiwa hawana uwezo. Mwaka 1980 ni Lisa. Mwalimu anamtoa kwenye darasa la dansi, anasimama ukingoni kwenye stesheni ya treni ya chini ya ardhi, na sisi roho mkononi. Anachotupa relini ni nguo zake za dansi, anatoa tusi, na kusema atahamia idara ya uigizaji. Unacheka kwa nafuu na huzuni pamoja. Mwaka 2009 ni mwanafunzi aitwaye Kevin, si yule mwongozaji. Mwalimu anamwambia kwa upole kwamba hatakuwa mchezaji wa kulipwa, ila anaweza kufundisha. Kevin naye anaenda stesheni, anasogea ukingoni, rafiki anamvuta. Stesheni ni ileile lakini hakuna aliyeijenga. Tumemwona Kevin kwa vipande vidogo mno kiasi kwamba hofu yake inatufikia kama habari ya jirani.

Hapo kuna hesabu rahisi. Parker alikuwa na dakika 134. Tancharoen alikuwa na 107, wanafunzi wengi vilevile, miaka minne ileile, na matukio ya dansi yaliyotengenezwa yawe vivutio. Kitu kilipaswa kukatwa, na kilichokatwa ni darasa: makosa, kurudia, mwalimu anayesimamisha muziki. Wakati huohuo walimu waliopatikana ni Kelsey Grammer, Bebe Neuwirth, Megan Mullally na Charles S. Dutton, watu ambao ukiwapa kosa moja tu la mwanafunzi walisahihishe, wanakujazia dakika tano za maana. Debbie Allen naye yumo, yule mwalimu wa dansi wa 1980 aliyekuja kung'ara zaidi kwenye mfululizo wa televisheni wa 1982 hadi 1987. Safari hii ni mkuu wa shule, na kazi yake kubwa ni kuonekana.

Ningepewa picha zote za 2009 nizikate upya, ningemnyang'anya Alice, yule mcheza dansi anayechezwa na Payne, nusu ya dansi zake na kumpa Kevin dakika hizo. Simaanishi acheze zaidi. Namaanisha mazoezi yake, Neuwirth, mwalimu wake wa dansi, akimtazama, mguu uleule ukikosea mahali palepale, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu.