Michezo ya ushirikiano katika elimu ya uendelevu: maana yake na jinsi inavyofanya kazi

Mchezo wa ushirikiano, kwa maana yake kamili, ni mchezo ambao wachezaji hushinda wote au hushindwa wote. Hakuna bingwa atakayeinuka mezani na ushindi wake peke yake. Wanachopambana nacho ni hali iliyowekwa na kanuni za mchezo wenyewe, kama vile bahari inayoishiwa samaki, joto linalopanda au maji ya ardhini yanayozidi kushuka. Ukitumiwa kufundisha uendelevu, mchezo huwaweka watu wachache mbele ya rasilimali wanayoitegemea wote na kuwataka waamue wachukue kiasi gani leo na wabakize kiasi gani. Kisha huwaonyesha ndani ya saa moja au mbili matokeo ambayo katika maisha yangechukua miaka mingi kujitokeza.

Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, Waziri Mkuu wa Norway, ilieleza maendeleo endelevu kuwa ni yale yanayokidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi mahitaji yao. Ni vigumu kumpata mtu anayeipinga kauli hiyo. Ugumu uko kwenye kuitekeleza, kwa sababu anayechukua zaidi hupata faida yake mara moja na peke yake, ilhali hasara hugawanywa kwa wote na huja baadaye. Kila mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, na mtu anaweza kulijua tatizo lote kwa undani na bado akaendelea kuvuta. Ndiyo maana hotuba na mabango hayatoshi. Mchezo humpa mtu nafasi ya kuvuta, kuona ngoma inavyopasuka, na kujaribu tena njia nyingine pamoja na wenzake walewale.

Si michezo yote inayotajwa chini ya jina hili inayofanana. Ipo ya ushirikiano kamili, ambayo wachezaji wote ni timu moja. Ipo ya njiapanda, ambayo kila mmoja ana mfuko wake lakini wote huchota kwenye chungu kimoja, na kanuni hazimlazimishi mtu kushirikiana. Na yapo maigizo dhima ya mazungumzo ya kimataifa, ambayo washiriki huwa wajumbe wa nchi mbalimbali. Kwangu mimi aina ya pili ndiyo inayofundisha zaidi, kwa kuwa ushirikiano haupewi bure pale. Inabidi ujengwe.

Mfano maarufu wa aina hiyo ni Fishbanks, mchezo ulioundwa katika miaka ya 1980 na mwanasayansi Mmarekani Dennis Meadows. Washiriki hugawanywa katika kampuni za uvuvi. Kila mwaka wa mchezo wanaamua wanunue meli ngapi na wazipeleke wapi: bahari kuu, karibu na pwani, au zikae bandarini. Samaki huzaliana kwa kasi inayotegemea wingi wao. Miaka ya mwanzo mapato huwa mazuri, kampuni huongeza meli, na dalili za kupungua zinapoonekana kwenye hesabu, meli zilizokwisha kununuliwa tayari ni nyingi kuliko samaki waliobaki. Vikundi vingi huimaliza bahari. Wachezaji hao si wajinga wala si wabaya. Kila kampuni ilifanya uamuzi uliokuwa na mantiki kwake, na ucheleweshaji kati ya tendo na matokeo ukawafikisha wote mahali pasipo na samaki.

Mwaka 2008 Manfred Milinski na wenzake nchini Ujerumani walichapisha matokeo ya jaribio linalolieleza jambo hili kwa tarakimu. Wanafunzi sita sita walipewa yuro 40 kila mmoja na raundi 10 za kuchangia mfuko wa kuzuia mabadiliko hatari ya tabianchi. Katika kila raundi mtu alichangia yuro 0, 2 au 4, na kikundi kilitakiwa kufikisha 120. Kisipofikisha, kila mmoja alikuwa hatarini kupoteza akiba yote iliyobaki mfukoni mwake. Hata hatari hiyo ilipokuwa asilimia 90, ni nusu tu ya vikundi vilivyofikia lengo, ingawa mgawo wa haki ulikuwa wazi: yuro 2 kila raundi, na kila mtu anabaki na 20. Tena walikuwa wakiona michango ya wenzao. Kilichokosekana ni mazungumzo. Walicheza bila kujuana na bila kusemezana.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza jambo hili hili. Pamoja na wenzake James Walker na Roy Gardner aliendesha majaribio ambayo watu walichota kwenye rasilimali ya pamoja, kwanza kimya kimya, kisha wakiruhusiwa kuongea. Ahadi walizopeana hazikuwa na nguvu yoyote ya kisheria. Mtu angeweza kuzivunja asiguswe. Hata hivyo mavuno yao yaliboreka sana pale walipozungumza. Watu hutumia mazungumzo kukubaliana kiwango, kupima nani anaaminika na kumkemea aliyekiuka. Huko nje ya maabara, Ostrom alikuta jamii zilizotunza misitu, mifereji na malisho kwa vizazi kadhaa zikifanya hayohayo kwa kanuni walizojitungia wenyewe, zenye wasimamizi wao na adhabu zinazoanza ndogo na kupanda kwa kila kosa linalorudiwa.

Je, kinachojifunzwa mezani huvuka mlango? Swali hili ndilo lenye uzito kuliko yote, na jibu bora ninalolifahamu linatoka Andhra Pradesh, jimbo la kusini mwa India. Wakulima wengi wa huko humwagilia kwa maji ya visima virefu, na tangu 2004 serikali ya jimbo imekuwa ikiwapa umeme wa bure kwa ajili ya pampu, kwa hiyo hakuna bei inayomzuia mtu kuvuta maji zaidi. Watafiti, akiwemo Ruth Meinzen-Dick, wakishirikiana na shirika la Foundation for Ecological Security, walipeleka vijijini mchezo mwepesi sana. Katika kila raundi mkulima huchagua moja kati ya mazao mawili: moja linatumia maji kidogo na kulipa kidogo, jingine linakunywa maji mengi na kulipa zaidi. Mvua hurudisha maji kiasi, na kiwango kilichobaki husomwa mbele ya wote. Raundi za kwanza ni za kimya, zinazofuata ni za kuzungumza. Baadaye hufanyika mkutano wa kujadili yaliyotokea.

Matokeo yaliyochapishwa 2018 yanaonyesha kwamba vijiji vilivyocheza vilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuanzisha daftari la kumbukumbu za maji na kutunga kanuni za kutumia maji ya ardhini kuliko vijiji vingine vilivyokuwa kwenye mradi uleule bila mchezo. Hapa hatuzungumzii watu kusema wamefurahi au wamejifunza, bali daftari linaloandikwa na kanuni zinazofuatwa. Nadhani siri ya mchezo huu ni kwamba uliwapa watu njia ya kuongelea jambo gumu bila kumnyooshea kidole jirani. Kumwambia mtu "wewe ndiye unayekausha visima vyetu" ni kuanzisha ugomvi. Kusema "raundi ya tatu sote tulichagua zao la pili na maji yakaisha" ni kuanzisha mjadala.

Katika michezo ya ushirikiano kamili, Daybreak ya mwaka 2023 ni mfano mzuri. Iliundwa na Matt Leacock na Matteo Menapace, na toleo lake la Kijerumani, e-Mission, lilipata mwaka 2024 tuzo ya Kennerspiel des Jahres, inayotolewa Ujerumani kwa mchezo bora wa mwaka wa wachezaji wazoefu. Wachezaji huongoza maeneo makubwa ya dunia na kujenga nishati jadidifu, kulinda jamii na kupunguza hewa ukaa. Wakifika mahali ambapo dunia inanyonya hewa ukaa nyingi kuliko inayotolewa, wako karibu na ushindi. Lakini jamii nyingi kupita kiasi katika eneo moja zikitumbukia kwenye maafa, wote wameshindwa, hata kama maeneo mengine yanastawi. Kanuni hiyo moja inafundisha haki kuliko sura nzima ya maelezo.

La Fresque du Climat, warsha iliyobuniwa na Mfaransa Cédric Ringenbach, haina hata alama za ushindi. Kikundi hupewa kadi 42 zinazotokana na ripoti za IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, kikazipanga kwa sababu na matokeo kwenye karatasi kubwa kwa takribani saa tatu, kisha kikajadili hatua za kuchukua.

Upande wa maigizo dhima, utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu mchezo wa World Climate ulihusisha watu 2,042 katika nchi nane. Washiriki huwa wajumbe wa mataifa, hujadiliana kuhusu kupunguza gesi joto, kisha ahadi zao huingizwa kwenye modeli ya kompyuta inayoonyesha joto litapanda kiasi gani. Asilimia 81 walitoka na hamasa kubwa zaidi ya kuchukua hatua. La kuzingatia zaidi ni hili: hamasa hiyo iliambatana na kuongezeka kwa hisia ya udharura, si kwa kuongezeka kwa ujuzi wa sayansi ya tabianchi. Ujuzi uliongezeka pia, ila haukuwa ndio uliotabiri nani atataka kutenda. Hata hivyo nia iliyopimwa kwa dodoso si tendo, na ndiyo sababu ninayapa uzito mkubwa zaidi yale madaftari ya maji.

Kwa hiyo mwezeshaji anayedhani kazi yake imekwisha mchezo unapoisha ameacha nusu ya kazi, tena nusu iliyo muhimu zaidi. Majadiliano ya baada ya mchezo yasipungue muda wa mchezo wenyewe. Watu waulizwe kilichotokea, walihisi nini maji yalipokwisha, ni wakati gani walianza kuaminiana au kuacha kuaminiana, na kwetu hapa hali hii inafanana na nini. Swali la mwisho ndilo linalowatoa mezani. Bila hilo hubaki kumbukumbu ya alasiri iliyopendeza.

Mwezeshaji pia awe macho na mchezaji mmoja anayewaamulia wengine wote. Katika timu moja ni rahisi mjuzi au mkubwa wa cheo kugeuza wenzake kuwa mikono ya kusogeza kete. Dawa yake ni kanuni: kila mmoja awe na taarifa ambazo mwingine hana, au wote wacheze kwa wakati mmoja. Pia kumbuka kwamba kila mchezo una mtazamo wa aliyeuunda. Kiasi cha samaki wanaozaliwa kwa mwaka, au gharama ya kujenga mtambo wa upepo, ni tarakimu ambazo mtu fulani alizichagua. Wachezaji waruhusiwe kuzihoji, na wakisema "kwetu haiko hivyo," hapo somo limenoga. Wapewe nafasi ya kubadilisha kanuni na kucheza upya.

Watafiti wa Andhra Pradesh wenyewe wanasema wazi kwamba michezo peke yake haitamaliza tatizo la maji ya ardhini, kwa kuwa kiwango chake hutegemea mambo mengi. Kinachoweza kutoka mezani ni makubaliano ya watu wanaochota mahali pamoja, na hiyo inafanya suala la nani anaalikwa kuwa zito kuliko suala la mchezo gani unachezwa. Watu kutoka sehemu mbalimbali wasiotumia rasilimali moja watajifunza kanuni kwa ujumla. Wanaochota kisima kimoja wanaweza kuandika kanuni yao jioni hiyohiyo, ilimradi wote wanaokitumia wawepo. Andhra Pradesh mchezo ulichezwa na vikundi vya wanaume na vya wanawake, kila kimoja kwa wakati wake, halafu mkutano wa kijiji ukawaleta wote pamoja kusikia kilichotokea pande zote mbili.