Je, wajua: punda na pundamilia waliachana wapi?

Juzi jioni nilikuwa nimekaa gatini hapa Lamu, jahazi limeleta simiti na punda wanapakiwa mifuko, mtoto wa dada yangu akanivuta mkono. "Mjomba, ona miguu ya huyu, ana milia!" Nikaangalia, ni kweli. Punda ukimtazama kwa makini ana mstari mweusi unaoteremka mgongoni na mwengine unakata mabegani, na wengine wana vimilia hafifu miguuni. Kijana akaendelea, "Kwa hivyo ni ndugu na pundamilia? Na kama ni ndugu, mbona hatujaona punda akazaa pundamilia?"

Hilo swali ni zuri sana, manake watu wazima wengi wamekwama papo hapo.

Jibu ni kwamba haijatokea siku hata moja mnyama akazaa mnyama wa aina nyengine. Kila mama amezaa mtoto wa kufanana naye, tangu huko nyuma mpaka leo. Kinachotokea ni kwamba kundi moja linagawanyika, hawa wamebaki huku wale wako kule, mto umewatenga au bahari au jangwa, hawaoani tena, na kila upande unaendelea kubadilika kivyake kidogo kidogo hadi siku ambayo hata ukiwaleta pamoja hawazaani, ama wakizaa mtoto hana uzazi. Hapo ndo tunasema sasa ni spishi mbili.

Fikiria lugha. Sisi hapa twasema ndia, mai, mui, na vitabuni ni njia, maji, mji, lakini bado twaelewana. Sasa panda chombo uende mpaka Ngazija, kule visiwa vya Komoro, utasikia maneno unayoyajua jua lakini mazungumzo yatakupita. Wataalamu wa lugha wanasema Kiswahili, Kingazija, Kigiriama na Kipokomo zote zimetoka shina moja, na shina hilo wameliita Sabaki, mto huohuo unaoingia baharini pale karibu na Malindi. Je, kuna bibi aliyewahi kulala anaongea lugha moja akaamka mjukuu wake haelewi neno? Hakuna. Kila mtoto alielewana na mamake, na bado lugha zikawa nyingi.

Kwa wanyama kinachobadilika ni DNA, yale maelekezo yaliyo ndani ya kila seli. Kila yanaponakiliwa kuna herufi mbili tatu zinakosewa, nyingi hazina neno, zengine zinaua, na chache zinamfaa mwenye nazo pale anapoishi basi anaishi zaidi na anazaa zaidi na watoto wanarithi. Zengine zinaenea kwa bahati tu hasa kundi likiwa dogo. Kama makundi mawili yanaoana, makosa haya yanachanganyika na wote wanabaki kitu kimoja. Yakitengana kila mmoja anajaza yake, huku na kule haziwi sawa tena.

Punda na farasi walikuwa na babu mmoja kama miaka milioni 4 hivi iliyopita. Leo ukiwapandisha wanazaa baghala, yule ambaye wengine humwita nyumbu (si nyumbu wa Mara, huyo ni mwengine kabisa). Baghala ana nguvu ajabu lakini karibu wote hawazai, na sababu yake inahesabika: farasi ana kromosomu (vile vifurushi vya DNA ndani ya seli) 64, punda 62, baghala anachukua nusu huku na nusu kule anapata 63. Ili utengeneze mbegu au yai lazima kromosomu zijipange mbili mbili kila moja na mwenzake, sasa 63 utazipangaje, na hata hizo zengine si pacha kamili. Pundamilia wa kawaida yeye ana 44. Umeona walivyokwenda mbali? Ule mlia wa mguuni huenda ndo kama neno la zamani lililobaki mdomoni.

Lakini mfano ninaoupenda mimi kuliko yote uko hapahapa kwetu, na nasikitika watu wa pwani wengi hawaujui. Ni sange. Ukienda msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Gede, asubuhi mapema ukanyamaza kabisa utamsikia kabla hujamuona, majani makavu yanalia cha cha cha. Ana uzito wa nusu kilo hivi, miguu myembamba, pua ndefu anaichezesha huku na huku akitafuta wadudu, na nyuma kiunoni ana kiraka cha manjano kama dhahabu. Ukimuona utasema panya mkubwa, kumbe kiukoo yuko karibu na ndovu kuliko panya! Usiku analala ndani ya rundo la majani alilolikusanya mwenyewe, ndo maana hawezi kuishi mahali peupe pasipo na msitu.

Sasa vuka mto Tana uje huku kaskazini, msitu wa Boni na Dodori. Watafiti waliweka kamera zinazopiga picha zenyewe, na mwaka 2010 wakaandika kuwa wamepata sange ambaye nyuma hana dhahabu, ni mweusi. Watu wakadhani hii ni spishi mpya kabisa, DNA ilipopimwa ikaonekana ni ndugu wa karibu mno wa yule wa Arabuko. Yaani kati yao kuna mto na nchi kavu isiyo na majani ya kujificha, wameachana, rangi tayari ni mbili, lakini safari bado haijafika. Ukiwaangalia hao wawili unaangalia jambo lenyewe likiendelea.

Kijana akaniuliza lazima iwe mamilioni ya miaka? Hapana, saa ingine ni haraka. Ziwa Victoria lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita likajaa tena, na tangu hapo zikatokea aina kama 500 za furu, wale samaki wadogo, ingawa nyingi zimetoweka miaka ya karibuni. Wawili kati yao wako kwenye jenasi (kundi la spishi zilizo karibu) ambayo jina lake la kisayansi ni Pundamilia, la Kiswahili kabisa, mmoja anaitwa Pundamilia nyererei kwa heshima ya Mwalimu. Dume wa nyererei ni mwekundu anakaa chini kidogo, mwenzake ni wa buluu anakaa juu kwenye mwanga mwingi, na majike wanachagua dume kwa rangi. Hawajatengwa na mto wala mlima, wametengwa na macho. Na pale maji yanapochafuka jike haoni rangi vizuri, anachukua yeyote, wale samaki wanaanza kuchanganyika wanarudi kuwa kitu kimoja.

"Basi mjomba," akasema, "msitu wa Arabuko na wa Boni ukiungana tena, yule wa dhahabu na yule mweusi watakuwa mmoja?"

Nikamwambia kwa sasa inawezekana sana. Baada ya miaka laki kadhaa huenda wakapitana tu majanini, kila mtu na njia yake.