Ubongo Safi Haumalizi Uchunguzi wa Maiti

Matangani hapa Kisumu utasikia: "Walipasua kichwa, ubongo ulikuwa safi, basi alilishwa sumu." Hapana. Tezi ya pituitari, kiungo kidogo cha kutoa homoni kilicho chini ya ubongo, chenye uzito wa takriban nusu gramu tu, haitoki pamoja na ubongo. Hubaki kwenye kishimo cha mfupa wa sakafu ya fuvu, na daktari hulazimika kuvunja mfupa kwa patasi ili aitoe. Humo jipu laweza kujificha, wakati mwingine likianzia kwenye maambukizi ya sinasi (uwazi wa hewa ndani ya mfupa) iliyo nyuma ya pua. Huua kwa kueneza usaha kwenye utando wa ubongo, au kwa kukata homoni inayoamuru kotisoli, inayosaidia kudumisha shinikizo la damu, itengenezwe, hadi shinikizo la damu liporomoke. Usaha ukionekana, bado darubini na maabara ya bakteria zithibitishe, maana uvimbe uliooza huweza kufanana nao. Wafiwa, tafadhali ulizeni: tezi hiyo ilitazamwa?