Kutweta, mito mitatu na miguu iliyovimba: maswali kuhusu moyo

Maswali haya tunayasikia mara kwa mara kwa watu wa hapa Mombasa, hasa wanaomuuguza mzazi nyumbani.

Mama ana miaka 61. Zamani akishuka kwenye feri Likoni hupanda ule mwinuko huku anapiga gumzo. Siku hizi husimama katikati akihema. Si uzee tu?

Uzee humpunguzia mtu mwendo taratibu, kwa miaka. Aliyepanda vizuri mwezi wa Ramadhani, ikafika Idi kubwa hawezi, huyo apelekwe akapimwe. Huenda moyo wake umeshindwa kusukuma damu inavyotakiwa, ingawa upungufu wa damu na maradhi ya mapafu pia huleta kutweta.

Kupima ukali wa moyo kushindwa, madaktari hutumia madaraja 4 yaliyowekwa na New York Heart Association, chama cha moyo cha New York, mwaka 1928. Daraja la 1, mtu ana ugonjwa wa moyo lakini kazi za kawaida hazimsumbui. La 2, akipumzika ni mzima, ila kazi za kawaida humchosha na kumkatisha pumzi. La 3, hata kutoka sebuleni hadi chooni, au kuoga na kuvaa, ni kazi kubwa. La 4, anatweta hali amekaa kitako. Ikiwa tatizo la mama ni moyo, kwa ulivyoeleza yuko la 2. Kinachonitia hofu zaidi ni kasi ya kutoka daraja moja hadi jingine. Kwa hivyo mkifika kliniki msiseme tu “anachoka”. Semeni alikuwa akifika wapi bila kusimama, sasa anafika wapi, na mabadiliko yalianza lini.

Baba halali bila mito 3, na usiku hushtuka kama aliyekabwa. Majirani wanasema ni jinamizi.

Jinamizi humshika mtu mwili ukawa mzito, hawezi kujigeuza, kisha akiamka kabisa huisha. Mwenye moyo dhaifu huamka macho makavu saa moja au mbili baada ya kulala, akaketi ukingoni mwa kitanda au akakimbilia dirishani kutafuta hewa, na huchukua muda mpaka atulie. Sababu ni kwamba mtu akilala chali, maji yaliyokusanyika miguuni mchana hurudi kwenye damu, nao moyo uliochoka hauwezi kuyamudu. Yanarudi nyuma hadi mapafuni. Pengine hukohoa pia, watu wakadhani ni pumu.

Someni dua, na asubuhi hiyo hiyo mpelekeni hospitali. Hesabuni mito pia: aliyetoka mto 1 hadi 3 hali yake imezidi, hata kama mchana anacheka na wenzake barazani.

Miguu inavimba jioni. Nitajuaje ni moyo?

Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, karibu na kifundo, kwa sekunde 10 hivi, kisha uachie. Pakibaki shimo, kuna maji. Shimo la milimita 2 linalojaa papo hapo ni uvimbe mdogo. La milimita 8 linalobaki dakika 2 au zaidi ni mkubwa. Uvimbe ukipanda kutoka kifundoni hadi gotini kisha mapajani, usingoje.

Lakini si kila uvimbe ni wa moyo. Figo na ini huvimbisha, na kukaa dukani kutwa miguu inaning'inia huvimbisha. Amlodipini, dawa ya presha inayotumiwa na wengi, pia huvimbisha vifundo. Usiiache mwenyewe, mwambie daktari akubadilishie. Mguu mmoja tu ukivimba ghafla na kuuma, pengine baada ya safari ndefu ya basi, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Hilo ni la kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ukiwa tayari unatibiwa moyo, jipime uzito kila asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya chai. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, si mahamri. Rudi kliniki.

Kifua kinabana. Nitajuaje si kiungulia?

Wewe huwezi kujua kwa yakini, na wengi wamepoteza masaa wakinywa soda na tangawizi. Kifua kikibana kama kimewekewa mzigo zaidi ya dakika 15, maumivu yakienda mkononi, shingoni au tayani, jasho baridi likikutoka, nenda hospitali kubwa inayofanya ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Usiendeshe gari mwenyewe. Kama ambulensi haipatikani upesi, chukua teksi au tuktuk na mtu wa kukusindikiza. Wanawake na wenye kisukari huenda wasisikie maumivu kabisa: huja kichefuchefu, pumzi kukatika na uchovu wa ghafla usioeleweka. Dada yako akikwambia hivyo, usimwambie akalale.