Kupatanisha kipuri: maana yake kwenye presi ya kujazia risasi

Kupatanisha kipuri ni kukirekebisha kifaa kilichoundiwa mashine ya zamani ili kifanye kazi kwenye mashine mpya. Nasema "kifanye kazi" kwa makusudi, maana kuingia peke yake hakutoshi. Tupa na nyundo vinaweza kukiingiza karibu kitu chochote.

Mfano mzuri ni presi ya mkono ya kujazia risasi. Wapiga shabaha na wawindaji, pale sheria inaporuhusu, huitumia kurudishia ganda lililokwisha kufyatuliwa umbo lake, kisha kulitia fataki (kidude kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa kipya. Vifaa vyake havizeeki haraka. Dai, yaani kile kipande cha chuma kinachofungwa juu ya presi na kulipa ganda umbo, iliyotengenezwa miongo kadhaa iliyopita mara nyingi hufungwa kwenye presi ya leo bila kuguswa, kwa sababu watengenezaji wengi walishikamana na thredi moja: kipenyo cha inchi 7/8, meno 14 kwa kila inchi.

Kazi huanza kipuri kinapokuwa nje ya kawaida hiyo. Dai za kile kifaa cha zamani cha kampuni ya Lyman kinachoshikwa kama koleo, 310, zina thredi ya inchi 5/8 yenye meno 30. Hapo hukati kitu. Unatafuta busha, yaani pete ya chuma yenye thredi pande zote mbili, ya 7/8 kwa nje na 5/8 kwa ndani, unaifunga kwenye presi, basi. Kama busha haipatikani, fundi wa kerezo ataikereza, mradi apewe vipimo sahihi. Asipopewa anaweza kuchonga M22, thredi ya vipimo vya milimita, yenye hatua (umbali kati ya jino na jino) ya milimita 1.5, kwa kuwa kwa macho zinafanana: milimita 22 dhidi ya 22.225. Itazunguka kidogo kisha itakwama, kwa sababu hatua ya thredi ya presi ni milimita 1.81. Ukiongeza nguvu hapo, unaharibu presi yenyewe kwa ajili ya kipande kidogo cha chuma.

Kukata ni habari nyingine, na hapa ndipo watu hukosea. Chukua kishikio cha ganda, kile kidude kinachoshika kitako cha ganda juu ya pistoni. Kutoka uso wake wa juu hadi pale kitako kinapokalia, kipimo kilichozoeleka ni inchi 0.125, yaani milimita 3.175. Pistoni hupanda hadi uso huo wa juu uguse dai. Ukiupunguza robo milimita ili kishikio kipite mahali fulani, ganda litaingia robo milimita zaidi ndani ya dai, na bega lake, pale linapoanza kuwa jembamba kuelekea shingoni, litasukumwa chini kupita kiasi. Si kipimo cha kupuuza: kampuni ya Redding huuza vishikio vinavyopishana kwa inchi 0.002 tu, makusudi, ili mtu apange bega hilo.

Upande wa chini nao una masharti yake. Kwenye presi nyingi, unene wa kishikio au wa sahani inayozungusha maganda ndio unaoamua fataki iingie kina gani. Fataki inatakiwa iwe sawa na kitako au chini yake kidogo. Ikibaki imechomoza, bunduki inaweza kugoma, na zile zinazojipakia zenyewe zinaweza hata kufyatuka kabla ya kifyatulio kuvutwa.

Kinachobaki kwa tupa ni ukingo wa nje na nafasi za kupitishia springi au waya wa kutolea ganda, yaani sehemu ambazo hazibebi kipimo chochote cha risasi. Hata huko, vipuri hivi ni chuma kilichotiwa ugumu. Ukikisaga kwa jiwe la umeme hadi kigeuke rangi ya bluu, kimeshapata joto la nyuzi 300 hivi na ugumu wa sehemu hiyo umepungua. Saga kidogo, chovya majini, pima kwa kalipa, rudia. Na kama kipuri kipya bado kinauzwa, mimi ningekinunua na kukiacha cha zamani kikiwa kizima.