Besi kali peke yake haitoshi: kwa nini tunatumia LDA

Ukimwambia mwanafunzi "besi kali", wazo la kwanza huwa ni kostiki soda. Kwa sabuni, sawa. Lakini jaribu kuitumia kung'oa protoni kwenye kaboni iliyo jirani na kabonili (kaboni iliyoungana mara mbili na oksijeni) ya ketoni. pKa (kipimo cha ugumu wa kung'oa protoni; ikiwa kubwa, protoni ni ngumu kung'oka) ya maji ni karibu 16, ya ketoni karibu 20, hivyo protoni nyingi zitarudi zilikotoka. Utapata enoleti (ketoni iliyong'olewa protoni) kidogo tu katikati ya ketoni tele, na enoleti hiyo itaivamia ketoni iliyobaki kabla hujaweka kitendanishi chako.

Butili-lithiamu je? Nguvu inayo ya kupindukia, kwani pKa ya butani ni karibu 50. Kasoro yake ni kwamba hujibandika pia kwenye kaboni ya kabonili yenyewe, ukaishia na alkoholi.

Ndiyo maana napenda LDA, yaani lithiamu daiisopropilamaidi. pKa ya amini yake (yaani LDA ikishapokea protoni) ni karibu 36: pengo la 16 dhidi ya ketoni, kwa hiyo ketoni yote hugeuka enoleti. Naitrojeni yake imebanwa na makundi mawili manene ya isopropili. Kuifikia kaboni ya kabonili ni shida, ila protoni iko nje, inachukulika.

Unene huo una faida nyingine. Chukua 2-methilisaikloheksanoni, yenye pande mbili za kung'olewa protoni. Kwenye nyuzi −78 za Selsiasi, LDA huchukua ile ya upande usio na methili, kwa kuwa ndiyo inayofikika upesi. Ukiongeza iodidi ya methili, zao kuu ni 2,6-daimethili, yaani methili moja kila upande wa kabonili. Ukitaka methili zote mbili zikae kwenye kaboni moja, lazima uache enoleti zibadilishane protoni hadi ile iliyo tulivu zaidi itawale, na hapo mchanganyiko huwa mchafu kidogo.

Kwa hiyo mpangilio wa kumimina si urembo. LDA inatangulia kwenye chupa, ndani ya beseni la asetoni na barafu kavu. Ketoni inafuata tone kwa tone. Ukigeuza, ketoni inayosubiri zamu itaanza kupokezana protoni na enoleti, na ule uteuzi wa upande unapotea. Kiyeyusho nacho kiwe kikavu kwelikweli: miligramu 18 za maji zinaua milimoli nzima ya LDA.