Je, wajua Kinuyo Tanaka, mwigizaji nyota wa Japani, alipataje kuongoza filamu?

Katika studio za Japani za miaka ya 1950, kipaji peke yake hakikumkalisha mtu kwenye kiti cha mwongozaji. Kampuni kubwa ziliajiri vijana wa kiume wenye shahada, wakafanyiwa mtihani, kisha wakasota miaka mingi wakiwa waongozaji wasaidizi. Mwanamke hakuwa na pa kuanzia. Mwanamke mmoja, Tazuko Sakane, aliongoza filamu moja ya hadithi mwaka 1936, lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia akarudishwa kwenye kazi za kuweka kumbukumbu za upigaji picha na uhariri, kwa sababu hakuwa na shahada.

Kinuyo Tanaka, mzaliwa wa Shimonoseki mwaka 1909, aliingia kwa njia ya pembeni. Umaarufu alikuwa nao: ndiye aliyeigiza katika filamu ya 1931 iliyokuwa ya kwanza Japani kuwa na sauti mwanzo hadi mwisho. Ila mwaka 1950 aliporudi kutoka ziara ya Marekani akiwa na miwani ya jua na kuwarushia watu mabusu, magazeti yalimshambulia vibaya kwa kuiga Wamarekani, na umri nao ulikuwa unampunguzia nafasi. Kubaki akisubiri kupewa nafasi za kuigiza kina mama kungekuwa kosa.

Mwaka 1953 alikubali kushuka cheo: nyota mwenye miaka 43 akawa msaidizi wa mwongozaji Mikio Naruse kwenye filamu moja, akijifunza kupanga picha na kuendesha seti. Kisha akatafuta hadithi iliyoandikwa na mtu mwenye jina. Mwongozaji Keisuke Kinoshita alimwandikia muswada wa filamu yake ya kwanza, kuhusu mwanajeshi wa zamani anayeandika barua za mapenzi kwa niaba ya wanawake wa Tokyo waliokuwa na wapenzi wanajeshi wa Kimarekani. Kampuni iliyomkubali ilikuwa Shintoho, studio changa kuliko zile kongwe. Filamu hiyo ilishindanishwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1954.

Kwa filamu ya pili, mwongozaji mwingine, Yasujiro Ozu, alitoa muswada wake. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Kenji Mizoguchi, aliyemtengenezea nafasi zake bora kabisa za uigizaji, alikuwa kiongozi wa Chama cha Waongozaji, naye akapinga asiongoze. Ozu akasimama upande wa Tanaka, filamu ikatoka mwaka 1955, na urafiki na Mizoguchi ukavunjika.

Hadi hapo alikuwa akiongoza miswada ya wanaume. Filamu ya tatu ndiyo iliyo yake hasa, nadhani: mwandishi wake ni mwanamke, Sumie Tanaka (si ndugu yake), na mhusika mkuu ni mshairi aliyekatwa matiti kwa saratani, ambaye hata kitandani hospitalini anadai haki ya kupenda na kutamani. Studio nyingi zingemfanya mgonjwa wa kuhurumiwa tu.

Jumla aliongoza filamu sita, ya mwisho mwaka 1962, kisha akabaki na uigizaji, ambao hakuwahi kuuacha. Mwaka 1975 alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Berlin, akicheza kizee aliyewahi kuuzwa ujanani kwenye danguro la Sandakan, Borneo. Alifariki mwaka 1977, na filamu zake sita zilisubiri hadi miaka ya 2020 kurekebishwa na kuonyeshwa upya katika matamasha ya Ulaya.